Nafasi 68,000, ramani ileile: kisa cha Pre-K ya umma jijini New York

Machi 2014 ilipokuwa ikiisha, jiji la New York lilikuwa na watoto wa miaka minne wapatao 20,000 waliokuwa wakisoma kutwa katika madarasa ya Pre-K yanayolipiwa na serikali. Tarehe 4 Septemba mwaka huohuo, siku ya kufungua shule, walikuwa wamezidi 50,000, na kabla mwaka wa masomo haujaisha wakavuka 53,000. Mwaka uliofuata wakafika 68,000 na ushei. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Hapa haraka ilikuwa na baraka, tena nyingi, kwa sababu katika jiji ambalo malezi ya mtoto mmoja yanaweza kumeza mshahara wa mzazi, familia zilipata mwaka mzima wa elimu bila karo.

Kwa hiyo siandiki hapa kuubeza mpango huo. Ninauona kuwa miongoni mwa kazi bora zilizowahi kufanywa na serikali ya jiji lolote la Marekani katika elimu ya watoto wadogo. Lakini jiji lilihesabu kwa makini watoto walioingia, na halikuhesabu kwa uzito uleule nani aliketi na nani. Na ukiutazama mpango ulivyojengwa, unaona jambo linaloumiza: nyenzo zilezile zilizojaza madarasa kwa kasi ndizo zilizowagawa watoto kwa rangi, kwa lugha na kwa kipato cha wazazi wao.

Ahadi, kodi iliyokataliwa, na pesa zilizopatikana

Pre-K ni darasa la mtoto wa miaka minne, mwaka mmoja kabla ya kindergarten, darasa linalotangulia la kwanza. Msomaji wa Tanzania afikirie awali, wa Kenya afikirie PP1. Si darasa la lazima. Kabla ya 2014 lilikuwepo New York, ila nafasi nyingi zilikuwa za nusu siku, saa mbili na nusu tu. Mama anayefanya kazi hotelini au kwenye nyumba ya wazee hawezi kumpeleka mtoto asubuhi, kufika kazini, na kurudi kumchukua kabla chai ya saa nne haijapoa.

Bill de Blasio aligombea umeya mwaka 2013 kwa ahadi ya Pre-K ya kutwa kwa kila mtoto, itakayolipiwa na kodi ya ziada kwa wenye kipato cha zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka. Alishinda, akaapishwa Januari 2014. Kodi hiyo hakuipata. Gavana Andrew Cuomo aliikataa, na badala yake bajeti ya jimbo iliyopitishwa mwisho wa Machi ikatenga dola milioni 300 kwa mwaka kwa ajili ya jiji. Kazi ya utekelezaji ikawekwa chini ya naibu meya Richard Buery. Muda uliobaki ulikuwa miezi mitano.

Kuna sadfa moja ambayo sikuwahi kuona ikipewa nafasi inayostahili. Mwezi huohuo wa Machi 2014, Mradi wa Haki za Kiraia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), ulitoa ripoti iliyosema kwamba jimbo la New York ndilo lenye shule zilizotengana zaidi kwa rangi kuliko jimbo lolote la Marekani. Ilikuwa miaka 60 tangu Mahakama ya Juu ya Marekani itoe hukumu ya kesi ya Brown iliyopinga kutenganisha wanafunzi Weusi na Weupe. Jiji likawa linafungua daraja jipya kabisa la elimu, lenye maelfu ya nafasi ambazo bado hazikuwa na mwenyewe wala mazoea, huku ripoti ya moto ikiwa mezani. Nafasi ya namna hiyo haiji mara mbili katika kizazi.

Jinsi madarasa yalivyojazwa

Majengo ya shule za umma yasingetosha. Corona, katika Queens, shule zilikuwa zimefurika tangu zamani, na Sunset Park kule Brooklyn hali ilikuwa hiyohiyo. Jiji likageukia vituo vya malezi vya mitaani, taasisi za jamii, shule za parokia za Kikatoliki na shule za Kiyahudi, kwa sharti kwamba saa za Pre-K zisiwe za mafundisho ya dini. Kwa jumla, nafasi kama sita katika kila kumi zilikuwa nje ya shule za umma. Bila vituo hivi hakungekuwa na mpango wa kuzungumzia.

Kisha ikaja kazi ya kuwatafuta watoto. Ofisi ya meya iliunda kikosi cha uandikishaji kilichofanya kazi kama timu ya kampeni: walipiga simu nyumba kwa nyumba, wakaenda kwenye viwanja vya michezo, makanisani, kwenye maduka ya kufulia nguo, wakizungumza na wazazi kwa lugha zao. Fomu haikuuliza hali ya uhamiaji. Kigezo kilikuwa umri na makazi: mtoto anayetimiza miaka minne ndani ya mwaka huo wa kalenda, na uthibitisho kwamba anaishi jijini. Hii ina maana mtoto aliyezaliwa Desemba huanza akiwa na miaka mitatu na miezi minane hivi, na jiji lilikataza kumkataa kwa sababu bado anavaa nepi. Kwa mtu aliyewahi kuona mwalimu mkuu akimrudisha mzazi getini kwa sababu ya jambo dogo, sharti hilo linasema mengi.

Idadi haikuruhusiwa kufurisha darasa. Watoto 18, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Ukitaka 20, ongeza msaidizi wa pili. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu tunayo kumbukumbu ya karibu. Tanzania ilipoondoa ada na michango katika elimumsingi, watoto wa awali waliongezeka kutoka milioni moja na kidogo mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2016. Sera inataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Anayejua madarasa yetu anajua kwamba mlango ulifunguliwa na watoto wakaingia, lakini kiwango hicho hakikuweza kulindwa. New York, yenye pesa nyingi zaidi, ilikilinda chake, na ndiyo maana kila ongezeko la watoto 18 lilihitaji chumba, mwalimu na mkataba mpya. Ubora wa darasa kwa maana hiyo haukutolewa sadaka kwa ajili ya takwimu.

Kilichotolewa sadaka ni mchanganyiko.

Nani aliketi na nani

Mwaka 2016 mtafiti Halley Potter wa taasisi ya The Century Foundation alichambua madarasa ya mpango huu. Aligundua kwamba katika nusu ya madarasa yote ya Pre-K, zaidi ya asilimia 70 ya watoto walikuwa wa kundi moja la rangi au asili. Katika darasa moja kati ya kila sita, kundi moja lilizidi asilimia 90. Kwa madarasa ya kindergarten katika shule za umma, kiwango hicho cha asilimia 90 kilikuwa darasa moja kati ya nane. Yaani daraja jipya, lililozaliwa juzi, lilikuwa limetengana kuliko lile la zamani lililo juu yake.

Kumbuka hili ni jiji ambalo katika miaka hiyo wanafunzi wake wa shule za umma walikuwa takriban asilimia 40 Walatino, robo Weusi, na waliobaki hasa Waasia na Weupe, kila kundi karibu na asilimia 15. Hakuna kundi lenye wingi wa kutosha kujaza darasa kwa bahati tu.

Jibu la haraka ni makazi. Brownsville ni ya Weusi, Borough Park ni ya Wayahudi wa Orthodox, sehemu kubwa ya Sunset Park ni ya Wachina na Walatino, na mtoto wa miaka minne hasafirishwi mbali. Jiji halitoi basi la shule kwa Pre-K. Mzazi anasukuma kigari cha mdogo mtu kwa mkono mmoja, mkubwa kamshika kwa mkono mwingine, na anakwenda panapofikika kwa miguu. Jibu hilo ni kweli. Lakini makazi ni yaleyale kwa kindergarten, kwa hiyo hayawezi kueleza kwa nini Pre-K ilizidi. Lazima tutafute ndani ya mpango wenyewe, na ndani yake naona mambo matatu, la mwisho likiwa zito kuliko yote.

Kwanza vituo vyenyewe. Kituo kilichoanzishwa na jamii ya Wachina kwa ajili ya watoto wao, au shule ya parokia, au yeshiva, yaani shule ya dini ya Kiyahudi, huja na wateja wake. Hilo si kosa la mtu. Mtoto anayeongea Kikantoni nyumbani na kupokewa kwa Kikantoni siku ya kwanza halii sana kama yule asiyeelewa hata neno. Wazazi walichagua penye watu wao, na nisingethubutu kuwalaumu. Ni jambo ambalo mzazi yeyote Mswahili aliyeko ughaibuni analijua moyoni. Ila jiji lilipozifanya taasisi hizi kuwa mlango mkuu wa kuingilia, lilichukua pia mipaka yake.

Pili ni kanuni za kipaumbele. Mzazi aliorodhesha hadi machaguo 12, kisha mfumo ukagawa nafasi. Katika shule za umma, anayekaa ndani ya eneo la shule na mwenye ndugu shuleni alitangulia, kwa hiyo ramani ya makazi ikanakiliwa. Katika vituo, aliyetangulia ni mtoto ambaye tayari analelewa hapo. Inaonekana kuwa huruma tu, kwani nani anataka kumhamisha mtoto? Lakini fikiria kituo cha binafsi kinachotoza karo kwa watoto wa miaka mitatu. Aliyemudu karo ya mwaka jana ndiye anayepewa nafasi ya bure mwaka huu, na asiyemudu anakuta pamejaa. Mlango wa bure ulifunguliwa nyuma ya mlango wa kulipia.

Tatu ni saa. Siku ya Pre-K ni saa 6 na dakika 20. Ukianza saa 2:20 asubuhi, unamaliza saa 8:40 mchana, na kazi nyingi haziishi saa hizo. Jiji lilikuwa na nafasi nyingine, chini ya mpango ulioitwa EarlyLearn, zenye saa hadi 10 kwa siku na zinazofanya kazi mwaka mzima, lakini zilikuwa kwa familia zenye kipato cha chini tu, na familia ilipaswa kuthibitisha kipato chake. Pesa zilitoka kwenye mifuko tofauti, zikiwemo za serikali kuu ya Marekani na za Head Start, mpango wa tangu 1965 uliowekwa kwa ajili ya maskini. Matokeo ni kwamba mtoto wa mfanyakazi wa usafi mwenye sifa za ruzuku alipelekwa darasa lenye saa nyingi, na mtoto wa mwalimu au wa mhasibu, ambaye hana sifa hizo, hakuweza kuingia darasa hilo hata kama liko ghorofa ya chini ya nyumba yao. Haikuwa chuki wala uchaguzi wa wazazi. Ilikuwa kanuni ya uhasibu iliyoamua nani atacheza na nani.

Hapo ndipo mimi naona kosa kubwa la kisera. Neno lililouzwa kwa wananchi lilikuwa Pre-K kwa wote, na nguvu yake yote ilikuwa kuondoa mlango wa kipato. Kisha mlango ukarudishwa ndani ya nyumba, katika zile saa ambazo wazazi maskini walizihitaji kuliko kitu kingine.

Kile ambacho jedwali la wanafunzi haliwezi kuonyesha

Anayechambua takwimu za shule za Marekani lazima ajue zinavyokusanywa. Mzazi hujaza fomu: kwanza aseme kama mtoto ni Mlatino au la, kisha achague rangi. Mtoto wa Msenegali aliyezaliwa Bronx, mtoto wa Mjamaika wa Flatbush, na mtoto wa familia iliyoishi Harlem tangu babu wa babu, wote ni Weusi kwenye jedwali. Mtoto wa Mkongomani anayesikia Kiswahili na Kifaransa nyumbani yuko safu hiyohiyo. Mtoto wa Myemeni mwenye duka la kona alihesabiwa Mweupe, kwa sababu kanuni za serikali kuu ziliwaweka Waarabu huko hadi zilipofanyiwa marekebisho Machi 2024 na kuongezewa kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Kwa hiyo darasa la asilimia 90 Weusi linaweza kuwa na lugha tano ndani yake, na lile linaloonekana kuchanganyika linaweza kuwa la watoto wa tabaka moja la wasomi.

Kipimo cha umaskini nacho kilihama. Zamani ulitazama idadi ya wanaostahili chakula cha mchana cha bure. Septemba 2017 jiji likatangaza chakula cha bure kwa kila mwanafunzi wa shule za umma. Ulikuwa uamuzi mzuri sana, uliowaondolea watoto aibu ya foleni, lakini fomu zilizokuwa zikionyesha kipato cha familia zikapoteza maana yake ya kitakwimu. Anayelinganisha jedwali la 2014 na la 2018 bila kulijua hili atadhani ameona mabadiliko ambayo hayapo.

Ubishi wa nani alinufaika kwanza

Profesa Bruce Fuller wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alidai mapema kwamba upanuzi uliyapendelea maeneo yenye nafuu kiuchumi, kwa kuwa nafasi mpya ziliongezeka zaidi huko. Jiji lilimpinga kwa nguvu, likisema maeneo ya maskini yalikuwa tayari na nafasi nyingi tangu kabla ya upanuzi. Nadhani pande zote mbili zilisema kweli kuhusu vitu viwili tofauti. Ukihesabu nyongeza, wenye nafuu walipata zaidi kwa sababu walianza bila kitu. Ukihesabu waliopo darasani, maskini hawakuachwa. Na hata wenye nafuu hawakutoshelezwa: Upper East Side wazazi walilalamika kwa miaka kwamba watoto wao wanapewa nafasi mbali na mtaa wao.

Utafiti wa baadaye wa Fuller na wenzake unanishika zaidi. Wakitumia alama za ukaguzi ambazo jiji lenyewe hukusanya, waliona ubora wa wastani ukiwa chini pale watoto Weusi na Walatino walipojaa. Hapa utengano unaacha kuwa suala la picha nzuri ya darasa lenye rangi zote. Watoto wakitengwa, upungufu nao hupata mahali pa kukusanyika.

Na upungufu huo ulikuwa na sababu inayojulikana. Mwalimu wa Pre-K katika kituo alilipwa pungufu sana kuliko mwenzake wa shule ya umma mwenye cheti kilekile, kwa siku ndefu zaidi na bila likizo ya majira ya joto. Wengi wa walimu hao wa vituo ni wanawake Weusi na Walatino. Shule za umma zilipofungua madarasa mapya, walihamia huko, na nani angewazuia? Vituo vya watoto maskini vikabaki vikiajiri upya kila mwaka. Makubaliano ya kusawazisha mishahara yalifikiwa 2019, miaka mitano baada ya mpango kuanza, na yaligusa mshahara wa kuanzia tu, si miaka ya uzoefu.

Baada ya de Blasio

Jiji halikulala kabisa. Mwaka 2015 liliruhusu shule saba za msingi kutenga sehemu ya nafasi zao kwa watoto wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza au walio katika mazingira magumu. Ni hatua njema, lakini ndogo mno kwa mfumo wenye maelfu ya madarasa. Mwaka 2017 lilianza 3-K, kwa watoto wa miaka mitatu, na safari hii likaanzia South Bronx na Brownsville, wilaya za elimu namba 7 na 23, kwa maskini kwanza. Mwaka 2019 mikataba ya EarlyLearn ikahamishiwa idara ya elimu, hatua iliyofanya iwezekane angalau kupanga nafasi za aina zote katika ofisi moja.

Meya Eric Adams aliyefuata alisimamisha upanuzi wa 3-K kwa hoja kwamba maelfu ya nafasi zilikuwa tupu. Tupu zilikuwepo kweli. Lakini zilikuwa tupu mtaa mmoja huku mtaa wa pili kukiwa na orodha ya wanaosubiri, na nyingine zilikuwa tupu kwa sababu zilikuwa za saa fupi ambapo wazazi walitaka saa ndefu. Wakati huohuo vituo vilicheleweshewa malipo kwa miezi, vingine vikakopa ili kulipa mishahara. Namba ya uandikishaji iliyokuwa sifa ya mpango ikageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Hilo linaweza kuupata mpango wowote unaojipima kwa namba moja.

Novemba 2025 wapiga kura walimchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliyeahidi malezi ya bure kwa watoto wote wa wiki sita hadi miaka mitano. Kwa mara ya pili jiji linaweza kufungua nafasi nyingi ambazo bado hazina mwenyewe. Ningeombwa kutaja jambo moja tu la kubadilisha, ningetaja saa: mtoto wa ruzuku na asiye wa ruzuku wakae darasa moja hadi saa 12 jioni, mmoja akilipiwa na serikali na mwingine mzazi akichangia kwa kadiri ya kipato, na hesabu za mifuko tofauti zifanywe na wahasibu ofisini badala ya kufanywa na watoto kwa kutenganishwa. Pamoja na hilo, jiji lichapishe kila mwaka, darasa kwa darasa na vituo vikiwemo, nani ameketi na nani, kwa utaratibu uleule linaotumia kutangaza idadi ya walioandikishwa.